Nyumba Zilizorukwa za Sigino

Inspekta Rogathe alikuwa na mtu mahabusu, na mtu huyo hakulia wala hakuomba. Hilo ndilo lililomkera. Wezi wa fedha za ushirika aliowahi kuwakamata walikuwa na tabia zao. Huyu anapandwa na presha, yule anamtaja mheshimiwa fulani, mwingine anataka wakili kutoka Arusha kabla hata hajaulizwa jina. Melkiadi aliomba kalamu tu, akanyimwa, akashukuru.

"Rudia," Rogathe alisema. "Na usinipe maneno ya chuo. Nieleze kama unamweleza shangazi yako."

Melkiadi aliweka mikono mezani. Alikuwa mzaliwa wa Dareda, kijana mtaratibu mwenye shati lililokunjamana kwa kulalia sakafu, na kazi yake ilikuwa kuchambua vihatarishi katika Ushirika wa Neema, ule wa wakulima wa mbaazi. Neema iliwaahidi wanachama wake kwamba bei ya mnada ikianguka, mfuko wa tahadhari utawajazia kilichopungua. Ukubwa wa mfuko huo ulitokana na kadirio la Melkiadi. Msimu huu bei ilianguka vibaya. Mfuko ukakauka baada ya minada michache, ushirika ukachota akiba za wanachama kujazia, na akiba nazo zikaisha. Ada za shule zilikuwa humo, na mahari, na hela za watu kutibiwa.

"Watu wengi wanapima soko kwa wastani, afande," Melkiadi alisema. "Wanauliza, mkulima kwa kawaida anapoteza kiasi gani? Mimi sina kazi na ya kawaida. Natafuta wale wachache walioumia kupita wote. Napanga hasara kuanzia ndogo mpaka kubwa, nazichukua zile za mwisho kabisa, naangalia zinavyozidiana. Hapo ndipo nakadiria hasara ambayo bado hatujaiona. Tunauita mkia."

"Na mkia wako huu hapa." Rogathe alimgeuzia karatasi yenye mchoro. Vidoti vilipanda kutoka kushoto, vikapanda, halafu vikakoma ghafla. "Nimemwonyesha mtaalamu wa mambo ya fedha. Anasema hasara za soko haziishi hivi. Zinapungua idadi, lakini hazikatiki kama zimepigwa panga. Nani alizitoa zile kubwa?"

"Sijatoa kitu."

"Meneja wako, Venance, alitaka mfuko uwe mdogo ili abakiwe na hela za kujenga ghala kule Singe. Ghala lipo. Wewe ulimpa namba aliyoitaka."

"Aliniomba nipunguze, ni kweli. Nikakataa. Namba niliyompa ndiyo iliyotoka kwenye hesabu."

"Kwa bahati nzuri ikatoka ndogo."

"Kwa bahati mbaya," Melkiadi alisema.

Rogathe alimtazama. Kesho asubuhi kijana huyu angepandishwa mahakamani kwa uhujumu uchumi. Kesi ya namna hiyo dhamana yake ni ngumu, na upelelezi wake unaweza kumzeesha mtu rumande. Wote wawili walilijua hilo. Na ni Rogathe aliyemfunga pingu, mbele ya wafanyakazi wenzake, kwa sababu ya mchoro ule.

"Hasara za mwaka ule mbaya," alisema, "wanunuzi wa nje walipofunga mlango. Takwimu zake ulizipata wapi?"

"Mwaka ule mbaazi hazikupita mnadani, afande. Hakukuwa na mnada. Watu waliuza mlangoni kwao, kwa mlanguzi, kwa bei yoyote. Mwaka huohuo, ushirika ukiwa bado unaandaliwa, ikabidi tuulize nyumba kwa nyumba. Nakwa, Singe na Sigino alizunguka Mama Emerensiana."

"Katekista?"

"Huyohuyo. Kama kuna mtu hawezi kusema uongo Babati hii, ni yule mama."

Lo! Sentensi hiyo Rogathe ameisikia kuhusu watu wangapi, na nusu yao sasa wanalima bustani ya gereza. Akapitia kwanza orodha za Neema zilizokuwa jaladani, kisha akachukua helmeti yake mezani.

Alianzia Singe, kwa Venance, maana huyo ndiye Rogathe aliyemtaka awe na hatia. Meneja alimpokea mlangoni mwa ghala jipya, bati lake linang'aa, ndani hamna hata gunia. Alikuwa mnene wa kupendeza na alikuwa amevaa tai.

"Inspekta, karibu. Soda?"

"Orodha ya wanachama wa Sigino," Rogathe alisema. "Nimeilinganisha na nyumba zilizoulizwa mwaka ule. Kuna nyumba zimerukwa, zote upande wa bondeni. Nimesikia watu wa bondeni ndio wanaokupinga kila mkutano mkuu."

"Wananipinga, tena kwa kelele." Venance alicheka, kisha akaacha. "Subiri. Unafikiri mimi ndiye niliyemwambia yule mama awaruke?"

"Ulimwambia?"

"Mama yangu, mimi mwaka ule nilikuwa Kiteto, nasimamia mashine ya alizeti! Neema nimekuja baadaye kabisa. Namba ya mfuko alinipa Melkiadi, takwimu zikiwa zimeshafungwa. Nikaiona ndogo, nikafurahi, nikajenga. Si siri." Alilitazama ghala lake tupu. "Ningejua, nisingeweka hata tofali moja. Sasa wananitemea mate njiani, na wana haki."

Rogathe alipiga simu Kiteto papo hapo, akazungumza na mwenye mashine. Ilikuwa kweli. Mshukiwa wake mzuri akayeyuka hivyo, na tai yake. Aliwasha pikipiki akiwa na hasira, zaidi na nafsi yake, kwa sababu jambo hilo angeweza kulithibitisha kabla ya kumkamata mtu yeyote.

Sigino aliingia kwa mguu. Aliiacha pikipiki kwenye duka la mangi na kupita nyumba baada ya nyumba, na swali lake lilikuwa lilelile: mwaka ule, Mama Emerensiana alifika hapa?

Alifika, walisema. Alikunywa chai. Alikaa pale, kwenye kigoda kile. Aliuliza gunia tuliuza shilingi ngapi, akaandika, akasali na sisi, akaenda. Mama mmoja alikumbuka mpaka rangi ya kitenge chake.

Akateremka bondeni. Mashamba ya mahindi yalikuwa yamevunwa na mabua yamelala. Nyumba ya kwanza iliyorukwa ilikuwa ya Sosthenes, mzee mrefu aliyekuwa anatengeneza mpini wa jembe uani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Polisi tena? Mmeshaipata hela yetu?"

"Bado, baba. Nina swali la zamani. Mwaka ule mbaazi zilipokosa soko, Mama Emerensiana alikuja kukuuliza bei uliyouzia?"

"Hakuja."

"Ulikuwa umegombana naye?"

"Emerensiana? Binti zangu wote amewafundisha komunyo. Nigombane naye kwa lipi?"

"Na uongozi wa ushirika?"

"Ushirika ulikuwa haujazaliwa, mwanangu."

Rogathe aligeuka kuondoka. Akasimama anaangalia chini, kwenye chemchemi ambako wanakijiji wanachota maji, akaona jambo lisilomwingia akilini. Kutoka uani kwa Sosthenes kulikuwa na njia mbili za majini. Moja ilikuwa pana, imekanyagwa, inaungana na njia ya wenzake. Nyingine ilipinda peke yake kando ya miti, ikaenda kutokea kijitoni, chini kabisa ya pale wanapochota wengine. Nyasi zilikuwa zimeanza kuifunika, lakini alama yake ilibaki. Mtu haendi mbali zaidi kufuata maji machafu zaidi bila sababu.

"Baba, ile njia ya chini ni ya nini?"

Sosthenes aliacha kuchonga. "Wewe si mtu wa huku."

"Mimi Mpare. Same."

"Basi hujui. Ile ilikuwa yetu peke yetu, mwaka ule. Mke wangu Fabiola alifariki. Sisi Wairaqw tulikuwa na desturi, wazee wanaiita metimani. Kifo kikiingia kwako, nyumba inakaa peke yake mpaka muda wake uishe. Huendi kwa mtu, mtu haji kwako. Moto huazimi. Maji unachota chini ya wenzako, usiwapelekee msiba wako. Siku hizi vijana wameacha, kanisa limekemea sana. Lakini mwaka ule wazee wetu walikuwa hai bado, na hapa bondeni tuliishika."

"Mama alifariki kwa nini, baba?"

"Uzazi ulimshinda. Gari la kumpeleka hospitali lilitaka hela, na mimi hela yangu yote ilikuwa kwenye mbaazi." Alisema polepole, macho kwenye mpini. "Mlanguzi alipojua nina mgonjwa, akanipa bei ya gunia ambayo ni ya debe. Nikapokea. Akarudi siku ya pili, akashusha tena. Nikapokea tena. Zilizobaki nikawamwagia nguruwe. Gari lilipokuja, Fabiola alikuwa ameshatutoka. Hakuna mtu aliyeuza kwa bei mbaya kama yangu, labda kwa Mosi pale, mtoto wake alipougua. Na marehemu Wolfgang, kule mwisho. Huyo hakuuza kabisa, akafa mwaka huohuo na magunia yake ndani."

"Na kwa Mosi nako?"

"Walichota maji hapohapo chini na mimi. Kwa Wolfgang pia. Tulikuwa watu wa njia moja."

Rogathe aliomba kigoda akakaa. Nyumba zilizorukwa zilikuwa nyumba za misiba. Misiba ilikuwa ya wale walioishiwa kabisa. Walioishiwa kabisa ndio hasa Melkiadi aliowatafuta, wale wachache wa mwishoni, na mtu aliyetumwa kuwatafuta aliwapita kwa heshima. Hakuna aliyeukata ule mkia. Watu wa mkia walikuwa wamekaa ndani, wanasubiri muda wao uishe, na hakuna aliyepaswa kuwabishia hodi.

"Baba," alisema, "kama angekuja kukuuliza, ungemwambia?"

"Mwaka mzima ule hakuna aliyeniuliza chochote. Hata mbwa angeniuliza ningemwambia."

Kabla hajaondoka alimwomba mzee amtajie bei alizouzia, akaziandika moja moja, akapita kwa Mosi akafanya vivyo hivyo, na kwa mjane wa Wolfgang akaandika magunia ambayo hayakuuzwa. Walikumbuka yote. Hasara kama zile hazisahauliki.

Emerensiana alikuwa kigangoni, anapanga mabenchi kwa ajili ya ibada ya Jumapili. Alikuwa mwanamke mkavu wa umri wa bibi, mwenye sauti iliyozoea kusikilizwa.

"Mama, Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Kaa, afande. Umekuja kwa habari za Melkiadi. Namwombea kila siku."

"Nimetoka bondeni Sigino," Rogathe alisema. "Kwa Sosthenes, kwa Mosi, kwa Wolfgang."

Emerensiana alishusha upande wake wa benchi. Hakuuliza kwa nini. Alikaa juu ya benchi lenyewe, likiwa bado halijanyooshwa, akafunika magoti kwa kitenge.

"Niliwasalimia kwa mbali," alisema. "Nilisimama kwenye migomba ya Sosthenes, nikamwita, nikampa pole, nikaondoka."

"Hukuingia."

"Mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha watu waache mambo yale. Hapa hapa, mbele ya altare hii. Nikafika kwake, miguu ikakataa. Bibi yangu alinilea hivyo, afande. Nikajiambia, nitarudi muda wao ukiisha. Halafu Melkiadi akasema takwimu zinatakiwa zifungwe. Nikampelekea nilizonazo."

"Hukumwambia kuna nyumba umeziruka?"

"Nilimwambia nimemaliza." Akamgeukia. "Nyumba tatu, afande! Kati ya nyumba zote zile nilizozunguka mpaka viatu vikaisha. Nyumba tatu zingebadilisha nini?"

Rogathe alikuwa amekuja na hasira yake tayari, ameishika vizuri kama mwenge. Sasa hakujua aiweke wapi.

"Kama angekuwa anapima wastani, mama, zisingebadilisha kitu," alisema. "Lakini alikuwa anapima mwisho wa hasara. Walio mwishoni huwa ni wachache. Zile nyumba zako zote nyingine zilikuwa zinamwonyesha watu walioumia na wakapona. Hizo tatu ndizo zilizokuwa zinamwonyesha soko likiamua kuua. Alipozikosa, akadhani haliwezi."

Emerensiana alilielewa polepole, na Rogathe aliona linavyomwingia.

"Na ndiyo maana mfuko haukutosha."

"Ndiyo maana."

"Na Sosthenes ameweka tena mbaazi zake Neema msimu huu. Zimekwenda tena."

"Zimekwenda."

"Ee Mungu wangu," Emerensiana alisema. "Nimemnyima mara mbili." Kisha akasimama, akajifunga kitenge upya. "Nipeleke ukaniandike. Kijana wa watu asilale mle ndani hata leo kwa ajili yangu."

"Maelezo yako yatasomwa, mama. Yatasema uliwaogopa. Waumini wako watasikia."

"Wasikie."

Saa tisa alasiri maelezo yalikuwa yamesainiwa. Rogathe alimpigia mwendesha mashtaka, akamweleza, akasikia upande wa pili mtu akipumua kwa kuudhika. Umeniletea jalada la uhujumu, sasa unaniletea jalada la matanga, mwendesha mashtaka alisema. Lakini hakuwa mjinga. Bila nia ya kudanganya, hakukuwa na mtu wa kupeleka kesho. Alikubali.

Melkiadi aliletwa chumbani tena. Rogathe aliweka mezani mkanda wake, viatu vyake na simu yake. Kisha akaweka na kalamu.

"Uko huru," alisema. "Nilikosea. Naomba radhi." Halikuwa neno analolitumia sana, na lilitoka bila mapambo.

Melkiadi hakugusa viatu. "Nani alizitoa zile kubwa?"

Akamweleza. Alipotaja njia ya chini ya majini, kijana aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likakaribia meza.

"Shangazi yangu alikaa hivyo," alisema. "Dareda. Nilikuwa mdogo. Tulikuwa tunamwachia chakula kwenye jiwe, tunakimbia. Afande, mimi ni mtoto wa huku. Mama Emerensiana aliponiambia amemaliza, swali lilikuwa moja tu. Kuna nyumba yenye matanga uliyoiacha? Mtu yeyote wa kwetu angejua kuliuliza. Nilikuwa nimerudi na digrii, nikajiona yale mambo ya mabibi yamekwisha. Sikuuliza."

Rogathe alimsogezea karatasi yenye bei za bondeni. Hakujua kama anafanya wema au ukatili. Melkiadi alichukua kalamu, akageuza mchoro wake nyuma, akaanza kuandika. Aliongeza zile hasara tatu mwishoni mwa mstari, mbali na nyingine, akakokotoa, akafuta, akakokotoa tena. Nje, sauti za wanachama wa Neema zilisikika getini. Walikuwa wanakuja kila siku kuuliza hela zao zimefichwa wapi.

Kalamu ikasimama.

"Vipi?" Rogathe aliuliza.

"Mfuko ungekuwa mkubwa zaidi ya mara mbili. Venance asingepata hata msingi wa ghala." Aliitazama namba yake. "Ungetosha, afande. Msimu huu wote. Ungetosha na kubaki."

Rogathe alisimama. Akashusha viatu kutoka mezani, akaviweka karibu na miguu ya Melkiadi, na kijana akavivaa bila kufunga kamba. Kisha Rogathe akafungua mlango wa ukumbi. Kupitia dirishani waliona watu wamekaa kwenye nyasi, akina mama na vikapu vyao, na Sosthenes naye amefika, amesimama nyuma ya wote na kofia mkononi.

"Lazima waambiwe," Rogathe alisema. "Nitawaambia mimi. Pita mlango wa nyuma."

"Hapana. Nitawaambia." Melkiadi alifika mlangoni, akasimama, mkono kwenye kizingiti. Sasa ndipo alipolia, bila sauti, kama mtu aliyechoka sana. "Wamekuja kila siku wakijua kuna mwizi. Wana tumaini. Mwizi akikamatwa, kitu kinarudi, japo kidogo. Mimi nina nini cha kuwarudishia?"

"Huna kosa la jinai, Melkiadi."

"Najua. Afadhali ningekuwa nimeiba," alisema, akatoka kwenda kuwakabili.